Mtumbwi Unaoota Milimani

Kasanda hakuna ziwa. Kilichopo ni mashamba ya mihogo na maharage, migomba nyuma ya nyumba, mikaratusi iliyopandwa mipakani, na barabara inayotoka Nyakanazi kwenda Kibondo, Kasulu na mwisho Kigoma mjini. Lakini ziwa hutufikia. Hutufikia ndani ya magunia ya dagaa wakavu, hutufikia na migebuka iliyobanikwa, hutufikia ndani ya madumu ya mawese. Na vinavyoshuka kutoka huku juu kwenda kulipia hayo yote ni maharage, unga wa muhogo, asali na mbao.

Niliamua kuzifuata hizo mbao. Watu wa milimani tunaziona zikipakiwa kwenye malori, na tunajua zitakuwa vitanda, milango na mapaa. Tusilolifikiria sana ni kwamba baadhi yake zitaelea. Swali nililoondoka nalo lilikuwa dogo: mtu wa kipato cha kawaida, asiye na mkopo wala mfadhili, anajitengenezeaje chombo chake cha majini hapo hapo nyumbani? Sizungumzii maboti makubwa ya abiria yanayokwenda Kagunga, wala mitumbwi ya jozi ya kuvulia dagaa. Nazungumzia kachombo ka watu wawili watatu, ka kuvulia samaki wa mboga na kuvukia ng'ambo.

Jibu la kwanza nililipata kabla sijauona hata mto.

Kibondo na Kakonko ni nchi ya nyuki. Katika misitu ya miombo warina asali hutundika mizinga juu ya miti, na mizinga mingi ya jadi ni ya magome. Mrina huchagua mtundu au muyombo ulionyooka, hukata duara mbili kuzunguka shina, moja juu na moja chini, kisha huchana mstari mmoja wa kuziunganisha. Kwa kabari za mti hulibandua gome taratibu mpaka litoke zima, bila ufa. Hulishona upya pale lilipochanwa, huziba ncha zote mbili, na nyuki wakiridhika huhamia. Mzee mmoja mrina, aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake, alinieleza hatua hizo huku akionyesha kwa mikono, kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Gome hilo hilo, alisema, ukilipata refu zaidi, ukaliweka juu ya moto likalainika, ukazikunja ncha zake na kuzishona kwa kamba za magome, ukalitanua katikati kwa vijiti, hilo si mzinga tena. Hilo ni mtumbwi.

Hakuwa akisimulia ngano. Wavuvi na warina asali wa mto Ugalla, unaomwaga maji yake Malagarasi, wameendelea kutumia mitumbwi ya magome hadi nyakati zetu. Na Mwingereza Richard Burton alipofika Malagarasi mwanzoni mwa 1858, akielekea Ujiji, alikuta vyombo vya aina hiyo kivukoni, akaandika jinsi ada ya kuvuka ilivyokuwa mikononi mwa bwana wa kivuko aliyeitwa Mutware. Cheo hicho wazee wa huku kwetu Buha hawajakisahau: mtwale ndiye aliyekuwa akitawala eneo kwa niaba ya mwami, yaani chifu.

Mtumbwi wa gome hauhitaji msumari, ubao wala msumeno. Unahitaji moto, kamba, siku chache na mtu anayejua. Sijui chombo kingine cha majini chenye gharama ndogo kuliko hicho, ukihesabu fedha peke yake. Ukihesabu mti, mambo hubadilika. Mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, na muyombo wa kutoa gome refu huchukua miongo mingi kukua. Gome nalo likikaa juani hukauka na kupasuka, na mwenye chombo hurudi msituni kutafuta mti mwingine. Ndiyo maana maofisa misitu na miradi ya ufugaji nyuki mkoani Kigoma wamehimiza mizinga ya mbao badala ya magome. Ubao hupatikana kwa kuangusha mti pia, lakini mti mmoja hutoa mizinga mingi, na mizinga hiyo hudumu. Hesabu ya mzinga na hesabu ya mtumbwi ni moja.

Barabara ya Kibondo kwenda Kasulu huushukia Malagarasi na kuuvuka. Huu ni mto wenye tabia yake. Unaanzia milima ya mpakani na Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika, kisha unalikimbia ziwa: unaelekea kaskazini-mashariki, unageuka kusini, unatapakaa kwenye mabwawa ya Moyowosi, halafu unarudi magharibi kupitia Uvinza na kuingia ziwani karibu na Ilagala. Urefu wake ni kama kilometa 475. Wanajiolojia wanauona kuwa mkongwe kuliko ziwa lenyewe. Kabla bonde la ufa halijazama ulikuwa ukielekea moja kwa moja Kongo, na mpaka leo baadhi ya samaki wake wana undugu na samaki wa mto Kongo kuliko na wale wa ziwani. Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi, zaidi ya hekta milioni 3, iliandikishwa kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar.

Kwa mvuvi, sifa zote hizo maana yake ni moja: mafunjo. Maji yamejaa mafunjo na njia ni nyembamba, kwa hiyo chombo kipana hakipiti. Mvuvi wa makamo niliyemkuta akitengeneza nyavu zake kando ya maji alikuwa na mtumbwi wa kuchonga, mwembamba, wenye weusi wa moto ndani yake. Anausukuma kwa upondo akiwa amesimama, na humo hupakia kambale na perege wake. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigogo nikalie, na mazungumzo yakaenda mpaka jua likatuhamisha kivulini.

Waliuchonga yeye na kaka yake. Mti ulipoanguka hawakuusogeza kwanza. Waliutengeneza umbo la nje huko huko msituni, ili wapunguze uzito kabla ya kuuburuta, ndipo wakauchimba ndani kwa shoka na tezo. Palipokuwa pagumu waliwasha moto mdogo, wakauacha ule, wakakwangua makaa, wakawasha tena. Jambo gumu ni unene. Ukiacha kuta nene mtumbwi unakuwa mzito na unazama mno. Ukizidisha kuchimba unatoboa, na kazi ya majuma inakuwa kuni. Walitoboa vijitundu hapa na pale kwa msumari wa moto, wakapima unene kwa kijiti, kisha wakavipachika vipande vya mti. Vilivyo chini ya maji vilivimba na kujibana vyenyewe.

Kisha ilikuja siku ya kuuvuta. Hapo ndipo gharama halisi ya fedha ilipoonekana, na ilikuwa gharama ya kupika. Majirani walikuja wengi, wakaweka magogo ya kuviringisha chini yake, wakauvuta kwa kamba na nyimbo hadi mtoni, wakala, wakanywa pombe ya ndizi, wakarudi makwao. Hakuna aliyelipwa ujira. Mvuvi huyo alilitaja hilo kwa heshima kubwa kuliko alivyoutaja mtumbwi wenyewe.

Nilipomuuliza kama mwanawe atachonga wa kwake, alitikisa kichwa. Watu wa kuvuta bado wapo, alisema. Mti ndio haupo. Wa unene ule sasa unatafutwa mbali, na ukiupata huwezi kuuangusha hivi hivi. Kuna kibali na malipo, na sehemu kubwa ya msitu ni hifadhi. Zamani mtumbwi uligharimu jasho, mti ukawa wa bure. Siku hizi jasho bado linapatikana kwa sufuria la ugali, lakini mti umekuwa mali.

Kasulu niliingia asubuhi ya baridi. Mji umekua, una pilikapilika za soko na baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi hadi mwendeshaji haonekani. Mama ntilie wa sokoni alinipakulia ugali wa muhogo, maharage, na dagaa waliopikwa kwa mawese na nyanya. Dagaa wale walikuwa wamesafiri kuja juu. Mihogo ilikuwa ya hapo hapo. Mezani nilikaa na mama mmoja mwenyeji wa pande za Fizi, ng'ambo ya ziwa, aliyekuja nchini akiwa binti. Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kongo, na alipojua ninakwenda kutazama maboti, aliacha kula kwa muda.

Watu wa Kasulu na Kibondo wameishi na wakimbizi kwa muda mrefu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na wengi wao walilivuka ziwa kwa vyombo vya mbao. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijikuta Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, ambacho wakati huo hakikuwa na gati la meli. Meli ya MV Liemba ilibidi isimame mbali, na maboti ya mbao ndiyo yaliyowachukua watu mchangani na kuwafikisha melini, kina mama na watoto na mafurushi yao. Yule mama wa Fizi hakueleza mengi juu ya usiku wake mwenyewe wa kuvuka. Alichokumbuka ni sauti ya kopo likichota maji ndani ya boti, bila kupumzika, mpaka kulipopambazuka. Alinisihi nimuulize fundi yeyote nitakayemkuta anazibaje viungo vya mbao. Nilimwahidi.

Kutoka Kasulu barabara inashuka, hewa inazidi kuwa nzito, michikichi inaanza kuonekana, na ghafla kilima kinaisha na ziwa linajaza macho. Mtu wa milimani hazoei. Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilometa 670, na kina chake kinafikia karibu mita 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi tu lenye kina kulizidi. Upande wa pili milima ya Kongo inaonekana siku ya mawingu machache, na siku nyingine haionekani kabisa, ukadhani uko pwani ya bahari.

Mwalo wa Kibirizi, hapo Kigoma mjini, ni kelele, samaki na mbao. Maboti ya abiria yanapakiwa magodoro, kreti za soda na mabati. Pembeni akina mama wanageuza dagaa kwenye chanja zilizoinuliwa juu ya ardhi. Zamani wengi walianika moja kwa moja mchangani, na mchanga ule tuliutafuna sisi huku milimani. Hapo nilikula mgebuka uliotoka majini alfajiri, ukachomwa, ukaletwa na ndimu na chumvi tu. Niliyekuwa namjua maisha yangu yote ni mgebuka mkavu wa kuchemshwa, na kwa kweli walikuwa samaki wawili tofauti.

Ziwa lenyewe linabadilika. Maji yalipanda sana kuanzia 2020, yakaingia majengo na mitaa ya pwani kuanzia Kigoma hadi Bujumbura na Uvira, na mafundi waliokuwa na sehemu zao ufukweni walilazimika kurudi nyuma. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka ziwa, ili samaki wazaliane. Kwa wavuvi ilikuwa miezi ya njaa. Kwa chombo cha mbao kupumzika nchi kavu si jambo jepesi pia: mbao hukauka, hujikunja, viungo hufunguka. Mwenye akili alikiacha chombo chake kivulini na kukimwagia maji.

Historia ya ziwa hili imejaa vyombo vya gharama kubwa vilivyoletwa vipande vipande kutoka mbali. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipolizunguka mwaka 1876 alitumia *Lady Alice*, boti ya mbao ya mwerezi yenye urefu wa futi 40, iliyoundwa Uingereza kwenye mto Thames na kubebwa mabegani na wapagazi kutoka pwani. Wajerumani waliijenga *Graf von Götzen* huko Papenburg, wakaifungua, wakaipakia kwenye makasha yapatayo 5,000, wakaileta kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Waingereza nao mwaka huo huo waliziburuta boti mbili, *Mimi* na *Toutou*, kupitia misitu na milima ya Kongo ili wapigane na Wajerumani ziwani. *Götzen* ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ile ile iliyosimama mbele ya Kagunga miaka karibu 90 baadaye.

Nawaheshimu wapagazi na mafundi wa simulizi hizo. Lakini wakati himaya zikihangaika na makasha, mtu wa Ujiji alikuwa akitengeneza chombo chake kwa mti, tezo na majirani, na habari zake hazikuandikwa sana. Wageni wenyewe walimtegemea. Burton na mwenzake John Speke walikodi mitumbwi ya kuchonga mwaka 1858 ili wafike Uvira, baada ya Speke kuvuka ziwa kwenda kutafuta jahazi la mfanyabiashara Mwarabu na kurudi bila kulipata. Stanley na mmisionari Livingstone, baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871, walikwenda kaskazini mwa ziwa kwa mtumbwi wa hapa hapa, na ndani ya mtumbwi huo wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki.

Ujiji leo ni sehemu ya manispaa ya Kigoma, miembe mingi, nyumba za baraza, misikiti, mchikichi hapa na pale. Watalii hushuka kwenye makumbusho ya Livingstone, hupiga picha chini ya miembe na kuondoka. Hatua chache kuelekea majini kuna sehemu ambako maboti yanaundwa bila mashine ya umeme. Tezo, msumeno wa mkono, randa, patasi, keekee, nyundo. Basi.

Nilichokuwa nakitafuta hakikuwa ufukweni. Kilikuwa uani kwa mtu, mitaa miwili mitatu nyuma, kati ya jiko la nje na banda la kuku: kachombo ka urefu wa kama mita 5, kamelala juu ya vigogo, ubavu mmoja umefika nusu. Mwenyewe ni kijana wa bodaboda. Fundi ni mjomba wake, mzee aliyeunda maboti makubwa maisha yake yote na ambaye sasa magoti yanamkataza kushinda ufukweni. Mjomba anakaa kwenye kigoda na kuelekeza. Mpwa anapiga randa. Hakuna mchoro. Kuna kamba yenye mafundo na jicho la mzee, ambaye huenda nyuma ya chombo, hufumba jicho moja, na kusema upande wa kushoto umelala.

Kijana anaununua mtumbwi wake kama wengi tunavyojenga nyumba, tofali baada ya tofali. Wiki ya abiria wengi huleta ubao. Wiki mbaya huleta misumari robo kilo. Kukiwa hakuna kitu, ananyoosha misumari ya zamani aliyoing'oa kwenye boti chakavu, akiigonga juu ya jiwe, mmoja mmoja.

Kwanza uliwekwa mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, kisha mti wa omo na mti wa tezi, kisha mbao za chini. Halafu mataruma, zile mbavu za ndani zinazoshika kila kitu. Hapa nilijifunza jambo ambalo linaeleza sana jinsi maskini anavyounda boti nzuri. Taruma halifai kukatwa kwenye ubao ulionyooka, kwa sababu nyuzi za mti zikikatizwa kwenye kona, litavunjika hapo. Linatakiwa tawi lililopinda lenyewe tangu likiwa mtini. Na tawi lililopinda halinunuliwi na mwenye kiwanda cha mbao wala seremala wa vitanda. Kijana amezunguka Ujiji nzima na pikipiki yake akiomba matawi ya miembe iliyokatwa au kuangushwa na upepo, akiwa na umbo la kila taruma amelichora kwenye kipande cha boksi. Zaidi ya nusu ya mbavu za chombo hicho hazikumgharimu chochote ila mafuta ya pikipiki na maneno mazuri.

Mbao za ubavuni zinapewa mkunjo kwa maji na moto. Zinalowanishwa, zinapitishwa juu ya makaa, zinakandamizwa kwa mawe zikiwa zingali moto. Kabla ya kila msumari hutobolewa tundu kwa keekee ili ubao usichanike, na shingo ya msumari huvishwa nyuzi za pamba zenye mafuta. Ncha ikitokeza ndani hupindwa na kulazwa.

Nikauliza swali la mama wa Fizi. Mzee akamwagiza mpwa wake alete bakuli. Ndani mlikuwa na pamba, nyingine imetoka kwenye godoro kuukuu, ikiwa imeloweshwa mawese mpaka imekuwa nyekundu. Inasokotwa, inapigwa ndani ya kiungo kwa patasi butu, tabaka juu ya tabaka. Wenzao wa pwani hufanya kalafati kwa pamba na sifa, mafuta ya papa, kisha hupaka deheni ya shahamu na chokaa chini ya chombo. Hapa papa hakuna, mchikichi upo. Siri, alisema mzee, haimo kwenye mafuta. Ipo kwenye subira. Anayeharakisha huziba juu juu, pamba inashika uso wa kiungo na ndani panabaki wazi, na wiki ya tatu maji yanaingia. Chombo kikikamilika watakijaza maji kingali uani, ili waone panapovuja kabla ziwa halijawaonyesha.

Palikuwa na mambo mawili ambayo mjomba hakukubali yapunguzwe gharama. Misumari ya chini ya maji lazima iwe mipya. Na mkuku lazima uwe mti mgumu, mninga au mkurungu, hata kama fedha yake ingetosha mbao za ubavu mzima. Kijana alijaribu kumshawishi, kwa adabu: Mjomba, si tungeweka huu wa bei nafuu kwanza, tukabadilisha baadaye? Mzee alimjibu kwamba mkuku haubadilishwi, mwanangu, ukiubadilisha umeunda boti nyingine. Kusi linapovuma kati ya Mei na Agosti, mawimbi ya Tanganyika hayatofautiani na ya bahari, na watu hupotea. Nilifurahi kumwona mzee huyo akishikilia neno lake. Bajeti ndogo inaruhusu mambo mengi, kutia ndani tawi la mwembe na godoro kuukuu, lakini si kupeleka watoto wa watu majini juu ya mti dhaifu.

Ubao wa mninga unatoka wapi? Mzee alicheka, akanielekezea mkono nilikotoka. Uvinza, Kasulu, Kibondo. Zamani miti mikubwa ya mitumbwi ya ziwa hili ilichongwa sana upande wa magharibi, kwenye misitu ya Ugoma, ikaletwa Ujiji ikiwa tayari. Baadaye mbao za miombo ya huku kwetu zikachukua nafasi. Sasa nazo zinapungua, na kila mwaka lori linatoka mbali zaidi. Wapo wanaoelekea kwenye boti za fiba, ambazo serikali imekuwa ikivikopesha vikundi vya wavuvi, na kwa uvuvi mkubwa zina faida zake. Huko Lamu, Kenya, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la mita 9 kwa plastiki iliyookotwa, Flipflopi, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Mjomba aliposikia habari hiyo aliuliza swali la kifundi: misumari inashika? Nikamwambia mbao zile za plastiki zilikatwa na kuungwa kwa njia zile zile za jahazi la mti. Akaridhika, akasema mafundi wa Lamu wanajua kazi.

Lakini kijana wa bodaboda hana fiba wala kiwanda cha plastiki. Alichonacho ni mkaratusi. Mbao zake za ubavuni ni za mti huo, kwa sababu mkaratusi unapandwa, unakua ndani ya miaka michache na bei yake anaiweza. Mjomba haupendi sana. Anasema ni mzito, unajikunja, unapasuka. Nilipombana zaidi alikiri kwamba tatizo kubwa si mti, ni haraka ya wauzaji. Mkaratusi unakatwa Jumatatu, unapasuliwa Jumanne, Alhamisi uko sokoni ukiwa bado unatoa maji. Ukikatwa wakati wa kiangazi, ukapasuliwa, ukapangwa kivulini na vijiti katikati ya kila ubao ili upepo upite, ukaachwa miezi kadhaa huku umekandamizwa kwa mawe, unakuwa ubao wa heshima.

Nilikaa nikiwaza mikaratusi yetu, jinsi tunavyoiuza ikiwa nguzo mbichi kwa bei ya kuona huruma, ilhali kuna mzee Ujiji anayejua hasa anachokihitaji na hana wa kumletea. Nikachukua kalamu. Mzee alinitajia urefu wa futi 12, unene wa inchi moja, ubao usio na fundo karibu na ncha, na akanitaka niandike kwamba mwenye ubao uliopinda kidogo asikate tamaa, aulete tu, kwa kuwa boti haina upande ulionyooka.

Jioni ilikuwa inakaribia na makaa yalikuwa tayari. Mpwa alishika ncha ya omo, jirani akaitwa kutoka ng'ambo ya ukuta ashike tezi, mke wa mjomba akapisha sufuria lake. Ubao ulipita juu ya moto mara ya mwisho, ukatoa mvuke, ukaegemezwa kwenye mbavu za mwembe. Mzee alihesabu kwa sauti, wakasukuma pamoja, ubao ukakubali, na misumari minne ya kwanza ikaingia kabla haujapoa.